Nilisifia maharage yasiyo na chumvi!

Jamani, kuna aibu na aibu. Kuna ile ya kuteleza mlangoni mwa daladala mbele ya mrembo uliyekuwa unamtega tangu kituoni. Hiyo inapita, kesho umesahau. Halafu kuna aibu niliyoipata mimi jikoni kwa mama yangu mzazi, kule Getanuwas, wilaya ya Hanang, mwezi wa kumi mwaka 2022.

Ilikuwa jioni, baridi ya kule mnaijua wenyewe mliofika. Mama kapika maharage na ugali, tumekaa kuzunguka sinia: baba, mama, mdogo wangu wa kike, na mimi mgonjwa wa familia niliyerudi kutoka Dar. Nikakata tonge, nikachovya, nikala. Nikakata la pili. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyesikia muziki mzuri, nikasema kwa sauti: "Mama, leo umepatia kweli kweli! Haya maharage ni balaa!"

Kimya.

Mdogo wangu akanitazama, akamtazama mama. Baba akarudisha tonge lake kwenye sinia. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akasema taratibu, "Baba, haya maharage hayana chumvi. Nimesahau kutia. Nilikuwa nangoja mtu aseme."

Mpenzi msomaji, pale ndipo uongo wangu wa wiki saba ulipofia. Maana tangu nirudi nyumbani nilikuwa nawaambia kuwa nimepona, kuwa ladha imerudi, kuwa chakula chao ni kitamu. Kumbe nilikuwa sisikii kitu. Ugali, maharage, nyama, parachichi, vyote kwangu vilikuwa kitu kimoja: kama kutafuna karatasi ya daftari iliyolowa maji. Mama akatoka nje, eti anaenda kutazama kuni. Alikaa huko muda mrefu sana kwa mtu anayetazama kuni.

Kazi yangu ilikuwa ulimi

Ili unielewe, ujue kwanza kuwa mimi ni mpishi. Siyo mpishi wa kujisifia kwa washikaji, la. Mpishi wa kulipwa mshahara. Nilianza kwa kuosha sufuria kwenye mgahawa mmoja Arusha nikiwa na miaka ishirini, nikapanda hadi kupika pilau ya Ijumaa ambayo watu walikuwa wanaifuata kutoka mbali. Siri ya mpishi haiko kwenye mikono kama watu wanavyodhani. Iko kwenye ulimi. Unaonja, unaongeza, unaonja tena. Mpishi asiyeonja ni kama fundi wa redio asiyesikia.

Ilipofika Julai 2021 nikaona kidonda pembeni mwa ulimi, upande wa kushoto. Kidogo tu, kama punje ya mtama. Nikasema ni jino limenikwaruza. Nikaenda kwenye zahanati moja ya mtaani, jina nalihifadhi, nikapewa dawa za vidonda. Hakikupona. Nikarudi, nikabadilishiwa dawa. Hakikupona. Mara ya tatu wakaning'oa jino ambalo halikuwa na kosa lolote. Hakikupona. Miezi ikaenda hivyo hivyo, mimi natafunia upande mmoja na kusukutua kwa maji ya chumvi, najipa moyo.

Na hapa lazima niseme ukweli wangu, maana siku hizi watu wanapenda kulaumu zahanati tu. Mimi nilikuwa mtu wa ugoro. Nilianza nikiwa mtoto, nachunga ng'ombe wa babu. Mzee alikuwa na kopo lake, analifungua, anachota kidogo, anaweka kwenye fizi. Nami nikawa naiba kidogo, nasikia kichwa kinazunguka, naona nimekuwa mwanaume. Nilipoingia mjini nikaongeza sigara, na Jumamosi bia juu yake. Daktari aliniambia baadaye kuwa tumbaku na pombe vikikutana kinywani havijumlishi madhara, vinayazidisha. Yaani kila kimoja peke yake ni kibaya, lakini wakiwa wawili wanakuwa kama majambazi walioungana.

Januari 2022 nikaenda kwa daktari wa meno mwingine, dada mmoja mpole. Alinitazama mara moja tu, akaniuliza, "Kaka, hiki kidonda kina muda gani?" Nikasema miezi sita. Akaweka chini vifaa vyake. Akanyofoa kinyama kidogo, kikapelekwa kupimwa. Majibu yakarudi: saratani ya ulimi. Nilikuwa na miaka 33.

Barabara ya baharini

Februari nikafanyiwa upasuaji, wakakata kipande cha ulimi pamoja na tezi za shingoni. Nilipoamka sikuweza kusema "samahani" vizuri. Hadi leo herufi "s" inanipiga chenga; nikizungumza haraka watu wanadhani nimelewa, na mimi sijaonja hata kikombe cha pombe tangu siku ile.

Kisha nikapelekwa Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, kwa ajili ya mionzi. Wengi mnapita pale barabarani mkienda kupunga upepo na hamjui ndani kuna nini. Ni jengo la zamani la Wajerumani, la miaka ya 1890, limetazama Bahari ya Hindi, jirani na Ikulu. Tangu 1996 ndiyo taasisi ya taifa ya kutibu saratani. Pale unakutana na Tanzania nzima: bibi wa Kigoma, mvuvi wa Mafia, mama wa Kimakonde, na mimi kijana wa Hanang ambaye bahari nilikuwa naiona kwenye kalenda. Mkiwa mmekaa kwenye benchi mnatazama meli zinaingia bandarini, hakuna wa kumringia mwenzake.

Kabla ya mionzi walinikagua meno yote, yaliyooza yakang'olewa, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauponi vizuri ukija kung'oa jino baadaye. Wakanitengenezea kinyago cha plastiki kilichochukua sura yangu, wanakibana kwenye kitanda usitikisike. Mashine inazunguka, dakika chache tu, huoni kitu, husikii maumivu. Siku tano kwa wiki, Jumatatu hadi Ijumaa. Mimi nilipangiwa mara 33.

Wiki ya kwanza nikajisemea, kumbe mchezo tu! Wiki ya pili nikanywa chai ya asubuhi, nikamuuliza muuzaji kwa nini haina sukari. Akaniambia kaweka vijiko vitatu. Siku mbili baadaye maji ya kunywa yakaanza kuwa na ladha ya debe lenye kutu. Kijiko cha chuma nikikiweka mdomoni nasikia kama nimelamba betri. Nesi mmoja akanishauri nitumie kijiko cha plastiki, na kweli kilisaidia kidogo.

Wiki ya nne hata ile kutu ikaondoka. Kukabaki hakuna kitu. Yaani siyo uchungu, siyo ubaya: hakuna. Mdomo ukajaa vidonda, mate yakawa machache na mazito kama gundi. Nikawa naishi kwa uji uliochujwa na maziwa, navuta kwa mrija, nafunga macho kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini. Niliingia Ocean Road nina kilo 71. Nilitoka, mwishoni mwa Juni, nina kilo 55.

Lakini unajua kitu kimoja ambacho hakikuniacha? Pilipili! Siku moja nikala wali, kumbe una kipande cha pilipili. Loo, nilidhani moto umewaka mdomoni. Nikafurahi, nikadhani ladha imerudi. Daktari akacheka kwa huruma. Akaniambia ukali wa pilipili siyo ladha, ni maumivu. Unapita kwenye mishipa ya fahamu ya maumivu na joto, siyo kwenye vinundu vya ladha. Kwa hiyo mwili wangu ulikuwa umebakiza uwezo wa kuumia tu. Nikasema sawa, hata hilo nalo ni la kuandika.

Kikombe cha pembeni

Nilikuwa na mchumba Arusha. Binti mzuri, muuza nguo, tulikuwa tumeshapeleka posa. Alipokuja kuniona Dar alikaa siku mbili, akanifulia, akanipikia uji. Lakini niliona kitu kimoja: kikombe changu alikiosha peke yake, akakiweka pembeni. Nikamuuliza. Akatazama chini, akasema shangazi yake kamwambia huu ugonjwa unaambukiza kwa mate.

Ndugu msomaji, tusaidiane katika hili. Saratani haiambukizwi kwa kikombe, wala kwa kijiko, wala kwa kumbusu mgonjwa. Nilimweleza, na nesi naye akamweleza. Alikubali kwa mdomo. Moyoni sijui. Alirudi Arusha, simu zikawa za wiki kwa wiki, kisha mwezi kwa mwezi, na posa ikarudishwa kimya kimya na wazee. Simlaumu. Hata mimi nisingejua ningefanya nini ningekuwa yeye, na shangazi yule ningekuwa naye mimi. Ila kile kikombe cha pembeni bado nakiota.

Mgahawa nao ukasema utanisubiri. Mwezi uliofuata ukaajiri mtu mwingine. Nikapanda basi: Dodoma, Singida, Katesh, kisha pikipiki hadi Getanuwas. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu lake kichwani kama kawaida. Nilitafuta kazi ya uongo tangu siku ya kwanza: "Mama, chakula kitamu." Yaliyofuata umeshayajua.

Daftari la mistari

Kesho yake baada ya yale maharage, mama alikuja na daftari la shule la mdogo wangu, lile la mistari. Akaniambia, "Baba, kuanzia leo hunidanganyi. Kila Jumamosi nitakuonjesha, na wewe utaandika ulichosikia. Usiposikia, andika sisikii." Mama yangu aliishia darasa la saba. Lakini hakuna mtaalamu aliyenipangia utafiti mzuri kuliko ule.

Alinipangia visahani vitano. Cha kwanza asali, iliyochemshwa na kuchujwa na wafugaji nyuki wa kwetu. Cha pili chumvi, tena siyo ya dukani, ni ile ya Balangida. Kwetu Hanang kuna maziwa ya chumvi, na watu wanaikusanya maji yanapokauka. Ng'ombe wanailamba na watu wanaipikia. Cha tatu limau. Cha nne majani ya mwarobaini. Cha tano mchuzi wa mifupa ya mbuzi uliochemka tangu asubuhi.

Shuleni mwalimu alituchorea ulimi ubaoni kama ramani ya mikoa: utamu mbele, uchungu nyuma, chumvi na ukali wa limau pembeni. Nilikuwa na wasiwasi kuwa kwa vile wamenikata pembeni, basi mkoa wa chumvi umefutwa! Daktari aliniondoa hofu. Ile ramani siyo sahihi. Ladha zote zinasikika kila sehemu ya ulimi yenye vinundu vya ladha, na vingine viko kwenye kaakaa laini na kooni. Na ladha siyo nne, ni tano; ya tano ni ule utamu wa mchuzi wa nyama, ambao Mjapani Kikunae Ikeda aliutafuta hadi akaupata mwaka 1908. Mama yangu alikuwa hamjui Ikeda, lakini kisahani cha tano aliweka.

Jumamosi ya kwanza niliandika: sisikii, sisikii, sisikii, sisikii, sisikii. Ya pili hivyo hivyo. Ya tatu hivyo hivyo. Baba akasema tunapoteza asali.

Kilichonisumbua zaidi ni kibuyu. Kwetu maziwa ya mgando yanawekwa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi wa mti. Mama akifungua kile kibuyu, harufu ya moshi naisikia vizuri kabisa, mate yanataka kutoka ila hayapo, nakumbuka utoto wangu wote. Halafu nikiyaweka maziwa mdomoni, hakuna ule uchachu wake. Pua ilikuwa inanialika kwenye sherehe, ulimi umefunga mlango. Hapo ndipo nikaelewa kuwa chakula tunakila kwa pua na ulimi pamoja, na kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu.

Daktari alikuwa amenieleza kwa nini inachukua muda. Seli za ladha kwa kawaida hazidumu. Zinakufa na kuzaliwa upya kila baada ya siku kumi hadi wiki mbili hivi. Mionzi inaziua na inazijeruhi zile zinazozizaa. Mimi nililielewa hili kichungaji. Ng'ombe wakila majani, mvua mbili tatu yamerudi. Lakini wakikanyaga hadi mizizi, utangoja msimu. Wengi wanaanza kupata ladha kati ya mwezi wa pili na wa sita baada ya mionzi. Wengine hadi mwaka, na wengine haikamiliki. Na mate ndiyo barabara: chakula kisipoyeyuka kwenye mate, ladha haifiki popote. Kwa hiyo nikawa natembea na chupa ya maji kila mahali, hata kanisani. Na kabla ya kila mlo nasukutua: maji lita moja, chumvi kijiko kimoja cha chai, na bekingi soda ya dukani kijiko kimoja cha chai. Siyo magadi, jamani! Mdogo wangu aliwahi kunichanganyia magadi, nikaomba radhi kwa mbingu na nchi.

Asali

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi na moja, nimeshachoka, nikalamba asali ili nimalize zoezi niende zangu. Nikasimama. Kulikuwa na kitu. Siyo utamu wenyewe. Ilikuwa kama mtu anayekuita kwa mbali upande wa pili wa korongo, hujui kasema nini lakini unajua ni sauti ya mtu. Nikalamba tena. Kikapotea. Nikalamba mara ya tatu, kikarudi.

Nikaandika: "Asali, kidogo." Mama akachukua daftari, akasoma, akalifunga, akasema, "Haya, kachote maji." Ndivyo mama zetu wa kule wanavyofurahi. Lakini usiku nilimsikia akimwambia baba, na baba akasema, "Si nilisema asali haipotei bure?" Mzee yule!

Msidhani baada ya hapo mambo yalinyooka. Desemba sukari ikageuka kuwa chungu, wiki mbili nzima, nikalia kama mtoto. Januari 2023 chumvi ikaingia, kwanza kama mwasho pembeni, baadaye chumvi yenyewe. Limau lilifika Machi na lilikuja kwa fujo. Uso ulinikunjika, familia nzima ikacheka. Mwarobaini uliporudi nilikuwa mtu wa kwanza Getanuwas kushangilia uchungu wa mwarobaini. Mchuzi wa mbuzi ulichelewa kuliko wote. Ulifika mwezi wa sita, mwaka mzima kamili baada ya mionzi.

Katika kipindi hicho mdogo wangu alinitafutia kwenye simu habari ya mpishi mmoja wa Chicago, Marekani, anaitwa Grant Achatz, mwenye mgahawa wa Alinea. Mwaka 2007, akiwa na umri karibu na wangu, aliambiwa ana saratani ya ulimi iliyofika hatua ya nne. Madaktari wa kwanza walitaka kumkata ulimi. Akapata wengine waliomtibu kwa dawa na mionzi bila kuukata, akapona, lakini ladha ikaondoka kama yangu. Mchizi hakuacha kazi! Alitunga vyakula kwa kumbukumbu, na wapishi wenzake ndio walikuwa wanamwonjea. Ladha iliporudi ilianza na utamu, kisha nyingine moja moja, na yeye akasema kurudi kidogo kidogo vile kulimfundisha jinsi ladha zinavyoshikana.

Nilisoma habari ile mara tano. Yeye ana mgahawa maarufu duniani, mimi nina jiko la mafiga matatu. Lakini asali yake na asali yangu zilifika kwa mpangilio uleule. Nikaacha kujiona kituko.

Onja chumvi

Jumapili ya Desemba 3, 2023, mvua kubwa ilinyesha, upande wa Mlima Hanang ukaporomoka. Tope, mawe na miti vilishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa, nyumba zikazikwa. Mliisikia kwenye redio. Sisi tuliisikia kwa majina ya watu tunaowajua.

Vijana wa kwetu tulikwenda kusaidia. Waliopoteza nyumba walihifadhiwa mashuleni, na kila mahali palitakiwa chakula. Nikajikuta kwenye sufuria kubwa la makande, la kutosha watu mia, nashika mwiko wa mti mrefu kama mchi. Mikono ilikumbuka yenyewe. Mama mmoja ambaye simjui akachota kwenye upawa, akaninyooshea, akasema neno moja tu la kawaida ambalo kila mpishi duniani anaambiwa: "Onja chumvi."

Wee! Nilitetemeka. Nilikuwa sijaonjea mtu chakula kwa karibu miaka miwili. Hapa siyo Jumamosi ya mama na visahani. Hapa ni watu waliozika wenzao asubuhi, hawawezi kupewa makande yaliyoharibika kwa sababu kijana fulani anataka kujipima. Nikapiga maji kwanza, nikasukutua. Nikaonja. Nikafunga macho. Nikaona haijakolea.

Sikujiamini. Kulikuwa na mtoto wa kiume kama miaka tisa amesimama pale, ana sweta la mtu mzima. Nikampa upawa, nikamwambia, "Mdogo wangu, hebu onja, sema kweli." Akaonja kwa makini kama hakimu. Akasema, "Kaka, chumvi kidogo."

"Kidogo ipo au kidogo inatakiwa?"

"Inatakiwa."

Nikatia. Tukaonja tena, yeye na mimi, tukatazamana, tukakubaliana. Makande yakagawiwa. Hakuna aliyesifia, na hakuna aliyelalamika. Watu walikula kimya, na wengine walirudia. Mimi nikageuka upande wa moshi ili kama kuna mtu ataniona machozi, aseme ni moshi.

Nilivyo leo

Nimerudi Arusha. Sikurudi kwenye ule mgahawa. Nina banda langu mwenyewe, napika supu asubuhi na wali mchana. Nimepata, kwa makadirio yangu, kama robo tatu ya ladha niliyokuwa nayo. Kahawa bado ni majivu kwangu. Nyama kavu haipiti bila mchuzi. Mate hayajarudi yote na huenda yasirudi, kwa hiyo chupa ya maji ni mke wangu wa kwanza. Kila asubuhi nafanya mazoezi ya kufungua taya, maana mionzi inakaza misuli na ukizembea mdomo unagoma kufunguka. Nina msaidizi, binti mwenye ulimi mkali kama wembe. Mambo ya viungo naonja mimi kwanza, kisha yeye. Tukitofautiana, tunamwita mteja.

Ugoro nimeacha, sigara nimeacha, pombe nimeacha. Babu alishafariki zamani na kopo lake, kwa hiyo sina wa kugombana naye. Lakini nikienda nyumbani nawakuta vijana wachungaji wa leo na vipakti vyao vya tumbaku ya kuweka mdomoni, nakaa nao, nawaonyesha ulimi wangu. Sihubiri. Naufungua tu mdomo. Mmoja alitema palepale.

Na wewe msomaji wangu wa mjini, mwenye meno meupe na mambo mengi, nakuachia hili moja. Ukiona kidonda kinywani, au doa jeupe au jekundu, au uvimbe, kimepita wiki mbili hadi tatu hakijapona, usikubali dawa ya tatu. Mwambie daktari: nataka kipimwe. Ikigundulika mapema, inatibika. Mimi nilingoja miezi sita kwa sababu ya kumwonea haya daktari, na kipande cha ulimi wangu kikalipa deni.

Mwezi uliopita nilikwenda Getanuwas. Mama kapika maharage. Nikakata tonge, nikachovya, nikala. Wote wakanitazama, hata paka.

"Mama," nikasema, "chumvi imezidi."

Mama akacheka hadi akashika ukuta. "Nimezidisha makusudi," akasema. "Nilitaka nikusikie unalalamika."

Haya, tukutane wiki ijayo. Kula vizuri, na ukila, sikiliza.